Mstari wa taya ukienda kombo: ni kiungo au ni kipimo?

Mgonjwa ameketi kupimwa mwendo wa taya, fremu ya kifaa iko kichwani, kishikizo kimegundishwa kwenye meno ya chini. Unamwambia, "Fungua taratibu, kisha funga." Kwenye skrini mstari wa upande wa kulia unashuka vizuri kwa milimita sita hivi, unaruka juu ghafla, halafu unaendelea na safari yake. Upande wa kushoto ni laini. Mwenye haraka ataandika papo hapo kwamba kisahani cha gegedu kilicho ndani ya kiungo cha taya kimehama kulia.

Niliwahi kuandika hivyo. Nilipokuja kukitoa kishikizo, kilibaki mkononi mwangu kabla hata sijakivuta: gundi ilikuwa imeachia upande mmoja. Nikakausha meno, nikagundisha upya, nikamwomba mgonjwa arudie mara tano. Mara zote tano mstari ulipita mahali pale bila kutikisika. Nilikuwa nimebakiza saini tu kwenye barua ya kumpeleka akapigwe picha ya MRI.

Ndiyo maana mwongozo huu umepangwa kwa dalili zinazoonekana kwenye skrini, na kila dalili inaanza kuulizwa kwenye kifaa kabla ya kuulizwa kwenye kiungo. Kuna jambo moja litakalojirudia kote: ishara ya kweli ya kiungo hurudi mahali pale pale kila mgonjwa anaporudia mwendo ule ule. Kasoro ya kipimo huhamahama.

Kwanza ujue kifaa kinapima nini

Hakuna kifaa kati ya hivi vya kupima mwendo wa taya kinachokiona kiungo chenyewe. Kinachopimwa ni mwendo wa kishikizo kilicho mbele ya meno ya chini, ukilinganishwa na fremu ya kichwani au alama zilizowekwa kwenye meno ya juu. Vifaa vingine hutumia kamera zinazofuata alama zinazong'aa, mara nyingi kwa mwanga wa infraredi. Vingine hupima muda ambao sauti ya ultrasaundi inachukua kutoka kwenye vitoa sauti hadi kwenye vipokezi. Vingine hufuata sumaku ndogo iliyobandikwa kwenye meno ya mbele ya chini. Hivi vya sumaku hueleza zaidi mwendo wa meno ya mbele kuliko wa kondili, yaani kile kichwa cha mfupa wa taya la chini kinachokaa kiungoni.

Programu ndiyo inayochukua mwendo wa kishikizo na kukokotoa kondili imekwenda wapi. Kutoka meno ya mbele ya chini hadi kondili ni kama sentimita 10. Kwa umbali huo, kishikizo kikizunguka nusu digrii tu kwa sababu ya gundi iliyolegea, hesabu ya kondili inakosea kwa karibu milimita 0.9. Huo ni ukubwa wa mruko ambao wengi wetu tungeuita ugonjwa. Ukilikumbuka hilo, sehemu kubwa ya yanayofuata itajieleza yenyewe.

Mstari unakatikakatika au una mapengo

Hii ndiyo dalili rahisi kuliko zote. Kwenye kifaa cha kamera, angalia mdomo wa chini kama unafunika alama taya linapofunguka, nywele kama zimeangukia mbele, au mwanga wa jua kama unaingia dirishani. Jua lina infraredi nyingi na hupofusha kamera za aina hiyo. Taa ya kiti cha matibabu nayo izimwe. Taji la metali (kofia ya jino) linalong'aa au kioo cha miwani huweza kudhaniwa kuwa alama.

Kwenye ultrasaundi, adui ni hewa inayotembea. Mwendo wa sauti hewani ni mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi 20, na kila nyuzi moja ya joto huongeza takriban mita 0.6. Tofauti ya nyuzi tano isiyosahihishwa hubadilisha umbali wa sentimita 15 kwa zaidi ya milimita moja. Kosa likiwa sawa pande zote, umbo la mstari haliathiriki sana, lakini kiyoyozi kinachopuliza upande mmoja wa uso kinatosha kuupinda. Kwenye sumaku, ondoa hereni, na sogeza kiti kama kina chuma karibu na kichwa.

Usiiache programu ijaze mapengo yenyewe. Pengo lililojazwa linapendeza macho, na huenda jambo ulilokuwa unalitafuta limepotelea humo humo.

Mstari haurudi ulikoanzia

Hapa ndipo makosa mengi yanapojificha, na ndipo ninapotumia muda mwingi zaidi.

Mwombe mgonjwa aumanishe meno kikamilifu, magego yakigusana, na uiweke hali hiyo kuwa sifuri. Afanye mwendo wote, kisha aumanishe tena vile vile. Meno yaliyoumana ni kituo kisichodanganya kirahisi, kwa hiyo taya likirudi hapo nukta nayo irudi hapo. Ikiwa imebaki mbali kwa milimita moja, kuna kitu kimesogea, na kitu hicho si kiungo.

Kujua kilichosogea ni kipi, fanya majaribio mawili ambayo hayazidi nusu dakika. La kwanza: meno yakiwa yameumana, mwambie mgonjwa ainue nyusi, akunje paji la uso, kisha afumbe macho kwa nguvu. Taya halijasogea hata kidogo, hivyo skrini inapaswa kuonyesha nukta tu. Ikichora kamstari, fremu inabebwa na ngozi. La pili: meno bado yameumana, ageuze kichwa kushoto, kulia, juu na chini polepole. Nukta ikitembea, ama fremu inateleza, ama kamera inashindwa kuuondoa mwendo wa kichwa kwenye hesabu. Fremu inatakiwa iegemee mfupa kadiri inavyowezekana, kwenye daraja la pua na juu ya masikio. Kuikaza zaidi si dawa ya kila kitu: fremu iliyobana sana humfanya mgonjwa akunje uso, na hapo unakuwa umelizalisha tatizo ulilotaka kuliondoa.

Majaribio yote mawili yakipita salama, mshuku kishikizo. Kinatakiwa kikae kwenye uso wa mbele wa meno ya chini bila kugusa meno ya juu katika mwendo wowote. Hilo halionekani kwa macho. Weka karatasi ya rangi katikati, mwombe mgonjwa aume na kutelezesha taya pande zote, kisha kague kishikizo. Doa la rangi juu yake, hata likiwa dogo kama kichwa cha pini, maana yake ni kwamba katika mwendo fulani jino la juu linakisukuma. Sehemu hiyo ikatwe. Watu wenye meno ya mbele yaliyofunikana sana ndio wanaotusumbua zaidi hapa, na kwao ni bora kishikizo kitengenezwe maabara juu ya nakala ya meno yao kuliko kulazimisha cha kawaida kitoshe.

Kisha kuna mate na mdomo. Meno yasiyokauka hayashiki gundi, na mdomo wa chini wenye misuli yenye nguvu hukivuta kishikizo kila taya linapofunguka sana. Mimi hukishika kwa vidole viwili na kujaribu kukitikisa kabla ya kuanza na baada ya kumaliza. Kikitikisika baada, kipimo chote kinafutwa, hata kama mistari inapendeza. Jino lenyewe likiwa limelegea kwa ugonjwa wa ufizi, usiligundishie kitu, tafuta mengine.

Kuna sababu moja isiyo kosa la mtu yeyote. Mfupa wa taya la chini hujipinda kidogo mdomo unapofunguliwa sana, kwa sababu misuli huvuta pande zake mbili kuelekea ndani. Tofauti hiyo ni ya sehemu ndogo za milimita, lakini ipo, na hutoweka mdomo ukifungwa. Kwa hiyo haiwezi kueleza mstari usiorudi sifuri.

Njia ya kufungua na njia ya kusukuma taya mbele haziendi pamoja

Kiungo kizima kikipimwa vizuri, mstari wa kufungua mdomo na mstari wa kusukuma taya mbele hufuatana kwa milimita kadhaa za mwanzo, kwa sababu kondili inateleza kwenye mteremko ule ule wa mfupa. Zikiachana mapema, au zikichora umbo la nane pande zote mbili, mara nyingi kilichokosewa ni mhimili, yaani mstari wa kufikirika ambao taya huuzunguka.

Sababu yake ni hii. Kusukuma taya mbele ni kuteleza, na mzunguko wake ni mdogo sana. Kufungua mdomo ni kuteleza pamoja na kuzunguka. Nukta iliyo kwenye mhimili wa mzunguko haisogezwi na kuzunguka, lakini nukta iliyo nje ya mhimili huchora tao. Ukiwa umekosea mhimili kwa milimita 5, mzunguko wa digrii 10 unaiongezea nukta yako safari ya bandia ya karibu milimita 0.9. Kwa digrii 25, ambazo ni za kawaida kwenye ufunguaji mkubwa, inafika zaidi ya milimita 2. Umbo la nane ulilolisoma kama ugonjwa linaweza kuwa limetokana na tao hilo peke yake.

Mhimili wa kukisia, unaowekwa kwa kupima kutoka tundu la sikio kuelekea pembe ya jicho, hukosea milimita kadhaa kirahisi. Unatosha kwa kazi nyingi za taji moja. Hautoshi ukitaka kusoma umbo la mstari. Kwa hilo tafuta mhimili halisi: mgonjwa alegeze taya, wewe uliongoze kidevu kwa wepesi, afungue na kufunga ndani ya milimita 20 za kwanza kwenye meno ya mbele, mara kadhaa. Katika eneo hilo taya la mtu aliyelegea huzunguka zaidi kuliko kuteleza. Ukimruhusu afungue zaidi ya hapo, kondili inaanza kuteleza na mhimili unaharibika. Akifungua kidogo mno, milimita 5 tu, mzunguko ni mdogo kiasi kwamba mtikisiko wa vihisi unaimeza hesabu. Rudia mara tatu uone kama mihimili mitatu inakaribiana. Isipokaribiana, mara nyingi misuli ya mgonjwa imekaza. Mpumzishe, azungumze, ameze mate, kisha mwanze tena.

Ukiwa na picha ya CT ya koni (eksirei ya pande tatu) iliyounganishwa na kipimo, unaweza kuchagua katikati ya kondili kwenye picha yenyewe. Hiyo ni njia nzuri, ila kumbuka kwamba sasa usahihi wako unategemea jinsi picha ilivyolinganishwa na meno. Metali mdomoni huchafua picha, na ulinganisho uliofanywa juu ya mataji matatu ya metali hauaminiki.

Mruko wa ghafla katikati ya mstari

Tumerudi kwa yule mgonjwa wa mwanzo. Tuseme sasa kishikizo ni imara, fremu haitembei, mhimili ni sahihi, na mruko bado upo.

Uliza kwanza uko upande gani. Mruko unaotokea kulia na kushoto katika sekunde ile ile, kwa ukubwa unaofanana, ni wa kishikizo au wa vihisi, kwa sababu pande zote mbili zinakokotolewa kutoka kitu kimoja. Kiungo kinacholia huonekana zaidi upande wake, upande wa pili ukiyumba kidogo tu.

Uliza pia unarudi wapi. Mgonjwa afungue na kufunga mara tano kwa mwendo wa pole. Mruko wa kisahani kinachorudi mahali pake hukaa katika eneo lile lile wakati wa kufungua. Wakati wa kufunga huja mwingine, mara nyingi mdogo zaidi na karibu na mwisho wa kufunga, pale kisahani kinapohama tena. Ndiyo sababu njia ya kwenda na ya kurudi huachana na kukutana. Mruko uliotokea mara moja kati ya tano, au unaotokea milimita 4 kisha milimita 9 kisha haupo, haufai kuandikwa.

Halafu weka kidole. Kidole mbele ya sikio wakati mstari unachorwa kina thamani ambayo hakuna programu iliyoifikia. Ukihisi mshtuko papo hapo mstari unaporuka, una mashahidi wawili. Kisha mwombe mgonjwa asukume taya mbele hadi meno ya mbele yakutane ncha kwa ncha, afungue na kufunga akianzia hapo na kuishia hapo. Mlio unaotokana na kisahani kinachorudi mahali pake kwa kawaida hutoweka, na mstari nao hulainika. Ukiendelea kuruka vile vile, tafuta sababu nyingine.

Mara nyingine tatizo ni kinyume: kidole kinahisi mshtuko, mstari hauonyeshi kitu. Angalia mambo mawili. Moja ni idadi ya vipimo kwa sekunde. Taya likienda milimita 100 kwa sekunde na kifaa kikapima mara 50 kwa sekunde, kati ya nukta na nukta kuna milimita 2 ambazo hazikurekodiwa. Jibu ni kumwomba mgonjwa aende polepole. Jambo la pili ni ulainishaji. Programu nyingi hulainisha mstari zenyewe bila kuuliza, na mruko wa muda mfupi ndio wa kwanza kufutwa. Zima ulainishaji, utazame data ghafi.

Hata yote yakikubaliana, mstari umekuonyesha mwendo. Haujakuonyesha kisahani. Kisahani huonekana kwa MRI. Chama cha Marekani cha utafiti wa meno kilitamka mwaka 2010 kwamba uchunguzi wa matatizo ya kiungo cha taya utegemee kwanza maelezo ya mgonjwa, uchunguzi wa mwili na picha panapohitajika. Nakubaliana nacho kabisa. Milio ya kiungo isiyo na maumivu wala kukwama ni ya kawaida kwa watu wengi, na mtu wa namna hiyo asifanyiwe matibabu kwa sababu ya mchoro.

Mstari ni mfupi, au taya linakwenda upande

Kabla ya yote, chukua rula. Pima ufunguaji kati ya ncha za meno ya mbele, jumlisha kiasi ambacho meno ya juu yanafunika ya chini, ulinganishe na namba ya kifaa. Zikitofautiana kwa zaidi ya milimita 2, rudi kwenye mpangilio wa kifaa. Zikilingana, vua kila kitu upime tena kwa rula. Watu wengi hawafungui mdomo kikamilifu wakiwa na fremu kichwani na waya mbele ya uso. Nimeona mtu aliyefungua milimita 34 akiwa na kifaa na 46 bila kifaa. Huyo hakuwa mgonjwa, alikuwa na wasiwasi.

Ukipata kweli kwamba mdomo unafunguka kidogo, usaidie kwa vidole: kidole gumba kwenye meno ya juu, cha shahada kwenye ya chini, sukuma kwa upole. Vigezo vya kimataifa vilivyochapishwa mwaka 2014 vinatumia milimita 40 kwa ufunguaji uliosaidiwa, kufunikana kwa meno kukijumlishwa, kuwa mpaka wa kushuku kisahani kilichohama kisichorudi. Taya likiongezeka sana kwa msaada wako, misuli ndiyo inayoshukiwa zaidi. Likigoma kama limefungiwa, kiungo kinashukiwa.

Mchepuko nao husomeka. Taya likienda kulia na kubaki kulia hadi mwisho, kondili ya kulia ndiyo inayobaki nyuma. Likienda kulia kisha likarudi katikati, mara nyingi kuna kizuizi kinachopitwa. Ila kagua uso wenyewe pia. Kamera iliyowekwa kombo huchora mchepuko kwa mtu ambaye taya lake, ukilitazama kutoka mbele, linashuka wima.

Meno yanapenyana kwenye skrini, au hayagusani kabisa

Hapa tunazungumzia vipimo vilivyounganishwa na skana ya mdomoni. Mgonjwa ameuma, lakini kwenye picha gego la juu limezama ndani ya la chini, au kuna nafasi inayopitisha mwanga. Makosa madogo ya skana hujumlika kadiri inavyozunguka kutoka gego la upande mmoja hadi la upande wa pili, na hapo ndipo upinde mzima wa meno unapopindika. Skani upya kwa mpangilio uleule unaopendekezwa kwa kifaa chako, meno yakiwa makavu. Kisha jaribu ukweli mdomoni: ukanda wa metali wa mikroni 8 ukishikwa na gego la kulia mgonjwa akiuma, nalo skrini ikidai haligusi, skrini ndiyo imekosea. Sahihisha ulinganisho kabla fundi hajaanza kuchonga, kwa sababu taji litarudi likiwa juu na utalisaga mdomoni kwa nusu saa.

Pembe zinaonekana za ajabu

Pembe ya mteremko wa kondili ikitoka digrii 50 na kitu pande zote mbili, wakati ulizoea kuona 30 hadi 40, angalia imepimwa kwa kulinganisha na bapa gani la kichwa, yaani uso wa kufikirika unaotumika kama rejea. Bapa linalopita chini ya tundu la jicho na lile linalopita chini ya pua hutofautiana kwa takriban digrii 10, na tofauti yote hiyo huingia kwenye pembe yako. Angalia pia imesomwa kwenye milimita ya ngapi. Njia ya kondili ni tao, hivyo pembe ya milimita 3 na ya milimita 5 za mtu yule yule si sawa. Pembe ya upande, yaani ya njia ya kondili taya linapokwenda kando, ikiwa hasi, karibu kila mara kishikizo kilisukumwa katika mwendo huo. Irudishe karatasi ya rangi.

Kipimo cha leo hakifanani na cha miezi mitatu iliyopita

Huwezi kujua kilichobadilika ni nini kama hukuandika ulivyopima. Kwenye faili la kila mgonjwa mimi huandika mhimili ulipatikana kwa njia gani, bapa lililotumika, ulainishaji ulikuwa umewashwa au umezimwa, idadi ya marudio, nukta ilirudi sifuri kwa kiasi gani mwishoni, rula ilisema nini, na mgonjwa aliumia au hakuumia, wapi na katika mwendo upi.